Mwongozo kamili wa kupaka tau kwenye slaidi za ubongo (AT8), hatua kwa hatua

Jamani, karibu kila wiki natumiwa picha za slaidi na wanafunzi na mafundi wa maabara, na swali ni lilelile, "nimekosea wapi?" Picha zenyewe ni za aina mbili tu. Kuna slaidi nyeupe haina hata doa la kahawia, na kuna slaidi kahawia kila mahali kama imemwagikiwa chai ya rangi. Naanza kuuliza maswali, tukifika swali la nne la tano tunakuta kosa halikuwa kwenye antibodi kabisa, lilifanyika siku mbili nyuma, saa nyingine wiki mbili nyuma.

Kwa hiyo nimeandika yote hapa. Naongelea kazi moja tu: kupaka protini ya tau iliyojaa fosfeti (ile inayojazana kwenye seli za ubongo wa Alzheimer) kwa antibodi inayoitwa AT8, kwenye seksheni za ubongo wa binadamu zilizokaa kwenye fomalini na kugandishwa kwenye nta. Kwenye utafiti wa Alzheimer hii ndo kazi ya kila siku.

Slaidi nyeupe ndo inayonitisha zaidi. Slaidi ya kahawia kila mtu anaona imeharibika na anarudia, ila nyeupe mtu anaandika "hakuna tau" na inaingia kwenye data kama ubongo mzima usio na ugonjwa. Na ule ubongo kuna mtu aliutoa, familia yake ikakubali ikiwa bado iko msibani. Tukiwasomea uongo tumewakosea sana.

Andaa hivi vitu kwanza

Usianze hata kidogo kabla hujavipanga mezani, maana ukishaingia katikati huwezi kuacha slaidi zikakauka eti unatafuta chupa.

- Bloku za nta zenye tishu, pamoja na bloku moja ya ubongo ambao tayari unajulikana una tau nyingi (hii ni kontroli yako, bila hiyo usipake)
- Slaidi zenye chaji, sio zile za kawaida
- Maikrotomu yenye kisu kipya, beseni la maji ya vuguvugu, oveni
- Zailini, na ethanoli ya asilimia 100, 95 na 70
- Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30
- Bafa ya sitreti: trisodiamu sitreti dihaidreti gramu 2.94 kwenye lita 1 ya maji safi, shusha pH hadi 6.0, weka Tween 20 nusu mililita
- TBS: Tris gramu 6.05 na chumvi ya sodiamu kloraidi gramu 8.76 kwa lita 1, pH 7.6
- Seramu ya kawaida ya mnyama aliyetoa antibodi yako ya pili, au albumini ya ng'ombe
- AT8, antibodi ya pili ya kushika antibodi za panya, na kiti (seti ya dawa) ya HRP, kimeng'enya kinachoigeuza DAB kuwa kahawia
- DAB (dawa inayotoa rangi ya kahawia), hematoksilini (rangi ya bluu), gundi ya kufungia na vioo vya juu
- Boksi la unyevu, kalamu ya kuzuia maji, taima, kipima pH ambacho kimepimwa wiki hiyo
- Glavu za naitraili na kabati la kufyonza hewa

Hatua ya 1: Soma faili la huo ubongo kabla hujaugusa

Hapa wengi wanapita haraka, na hapa ndo kuna hatari ya kweli.

Swali la kwanza, je huyu mtu alikuwa na dalili za Creutzfeldt-Jakob, yaani kupoteza akili kwa kasi ndani ya miezi, mishtuko ya misuli, kuyumba? Kama jibu ni ndiyo au haijulikani, simama. Fomalini haiui prioni, yaani zile protini zinazoambukiza ugonjwa huo. Tishu iliyokaa kwenye fomalini prioni zake zinakuwa sugu hata kwa otokilevu. Vipande vya namna hiyo vinalowekwa kwenye asidi fomiki kali (asilimia 96 au zaidi) kwa saa nzima kabla ya kuingizwa kwenye nta, na vinashughulikiwa na maabara yenye ruhusa na vifaa vyake, sio kwenye meza ya kawaida.

Swali la pili, muda. Kati ya kifo na kuingia fomalini zilipita saa ngapi? AT8 inashika tau pale ilipobeba fosfeti kwenye serini 202 na threonini 205, na mtu akishafariki vimeng'enya vya mwilini vinaendelea kung'oa fosfeti. Mafundo yaliyokomaa (tau iliyojikunja ndani ya nyuroni) yanavumilia, ila ile tau ya mwanzo kabisa, ambayo bado haijajikunja, inapungua. Kwa hiyo ubongo uliokaa sana mochwari bila ubaridi ukitoka na rangi hafifu, andika hilo pembeni ya matokeo.

Na umekaa fomalini muda gani? Ubongo mzima unahitaji kama wiki mbili au tatu ndo katikati paive. Uliokaa miaka, fomalini imefunga protini zake kwa nguvu na kuchemsha kwako kutabidi kuwe kwa makini zaidi.

Ukimaliza hatua hii vizuri, una namba ya kesi (sio jina), muda wa fomalini, na una uhakika kuhusu prioni.

Hatua ya 2: Chukua sehemu sahihi

Kama lengo ni kusema ugonjwa umefika wapi, vipande vitatu ndo vya lazima: hipokampasi pamoja na kotikali ya entorinali iliyo jirani yake, kotikali ya katikati ya upande wa temporali, na kotikali ya nyuma ya oksipitali inayoonyesha mfereji wa kalkarini. Hipokampasi ikatwe usawa wa kiini cha jenikuleti cha pembeni. Ukikata mbele sana au nyuma sana unakosa entorinali na hatua za mwanzo kabisa za ugonjwa unazipoteza zote, alafu unadhani mtu yuko safi.

Hatua ya 3: Kata na ukaushe, usiwe na haraka

Kata mikromita 5 hadi 7. Beseni la maji liwe kama nyuzi 40 za selsiasi, likizidi nta inalegea na tishu inatanuka hadi inapasuka.

Sasa sikilizeni hapa. Seksheni zinazobanduka wakati wa kuchemsha, tisa kati ya kumi nilizoulizwa, zilikaushwa vibaya. Chini ya seksheni kunabaki maji kidogo usiyoyaona, ukichemsha yale maji yanakuwa mvuke na yanainua tishu, hasa ile sehemu nyeupe ya ubongo yenye mafuta mengi. Simamisha slaidi wima dakika 20 maji yashuke, kisha oveni nyuzi 37 usiku kucha. Ukiwa na haraka, nyuzi 60 saa moja. Mimi usiku kucha ndo nauamini.

Utajua imekauka ukiinamisha slaidi kwenye taa: hakuna mng'ao wa unyevu chini wala viputo, tishu imelala bapa kama karatasi iliyogundishwa.

Hatua ya 4: Toa nta yote

Zailini mara tatu dakika 5 kila moja, ethanoli 100 mara mbili, 95, 70, alafu maji. Fanya kwenye kabati la kufyonza hewa. Zailini ikishakuwa ya zamani haitoi nta, na palipobaki nta antibodi haiingii, unapata mabaka meupe yenye kingo kali katikati ya slaidi nzuri. Ukitoa kwenye ethanoli na kuingiza kwenye maji, tishu iwe wazi. Ukiona ukungu mweupe rudi nyuma.

Hatua ya 5: Zima peroksidesi ya tishu yenyewe

Chukua peroksaidi ile ya 30 mililita 10, ongeza maji 90, loweka dakika 10 hadi 15. Sababu ni kwamba damu iliyobaki kwenye mishipa ina kitu kinachofanya kazi sawasawa na HRP yako, na DAB haijui tofauti.

Kipimo chake ni rahisi sana na utakiona mwishoni: angalia ndani ya mishipa midogo. Chembe nyekundu za damu zikiwa kahawia, peroksaidi yako imekufa. Hii inatokea mno kwa sababu chupa ikifunguliwa na kuachwa kwenye mwanga inaisha nguvu. Tengeneza mpya siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Chemsha kwenye sitreti

Fomalini imefunga protini kama kamba, joto linafungua. Kuna maabara zinapata AT8 nzuri hata bila kuchemsha, lakini kwenye tishu iliyokaa sana fomalini mimi nachemsha kila mara. Bafa iwe imeshafika nyuzi 95 ndo uingize slaidi, dakika 20, kisha toa chombo chote uache kipoe chenyewe dakika 20 slaidi zikiwa ndani. Usimwagie maji ya baridi. Huo mshtuko ndo unaobandua tishu.

Ndugu zangu wa Nairobi, nyinyi mko juu sana, maji kwenu yanachemka kwenye kama nyuzi 94, kwa hiyo ukifuata maelekezo ya nyuzi 98 au 100 kwenye maikrowevu utasubiri joto ambalo haliji. Tumia presha kuka, au ongeza dakika na uzijaribu kwanza kwenye kontroli. Aliyeko Dar au Mombasa hana hiyo shida.

Na maikrowevu ina tabia ya kuchemsha upande mmoja. Kama slaidi za kwenye kona zinatoka nzuri na za katikati zinatoka hafifu, usilaumu antibodi.

Hatua ya 7: Ziba nafasi za bure

Zungushia tishu kwa kalamu ya kuzuia maji, weka seramu au albumini dakika 30. Usitumie maziwa ya unga. Maziwa yana kaseini na kaseini ni protini yenye fosfeti, wewe unatafuta fosfeti, unajichanganyia kazi mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo wengi wetu kwenye antibodi za namna hii tunaosha na TBS badala ya ile bafa ya fosfeti.

Hatua ya 8: AT8 yenyewe, na kipimo chake

Usichukue kipimo cha mtu mwingine. Hata mimi sikupi namba moja, maana chupa, mtengenezaji na kiti ya kukuzia rangi vinatofautiana. Chukua ile bloku ya kontroli, kata seksheni tano, jaribu 1 kwa 200, 1 kwa 500, 1 kwa 1000, 1 kwa 2000, na moja bila AT8 kabisa. Chagua ile ambayo mafundo na nyuzi zake ndogo vinaonekana wazi na kati yake ni kweupe. Ukikuta mbili zinafanana, chukua ile nyepesi zaidi.

Usiku kucha, nyuzi 4, ndani ya boksi la unyevu lililofungwa vizuri, na meza ya friji iwe bapa. Tishu ikikauka pembeni utapata ukingo mzima wa kahawia na hapo hamna dawa.

Kila mpako, narudia kila mpako, uwe na slaidi ya kontroli yenye tau na slaidi moja isiyowekwa AT8. Bila hizo mbili slaidi nyeupe haina maana yoyote, huwezi kusema ubongo hauna tau au kazi yako ndo imekufa.

Tahadhari kwa wanaotumia panya wa maabara: AT8 imetengenezwa kwa panya. Ukiipaka kwenye ubongo wa panya, antibodi ya pili itashika na antibodi za panya mwenyewe zilizomo kwenye tishu, slaidi yote inakuwa kahawia. Kuna kiti maalumu za hiyo kazi, zitumie.

Hatua ya 9: Antibodi ya pili na HRP

Osha TBS mara tatu, dakika 5 kila moja, weka ya pili dakika 30, osha tena, weka HRP dakika 30.

Niwaambie lililonipata. Mwaka wangu wa kwanza nilipaka slaidi 24, zote zikatoka nyeupe, kontroli pia nyeupe. Nikarudia na AT8 mpya, nyeupe. Nikarudia na kiti mpya, nyeupe. Siku tisa zilipita hivo na seksheni za kesi mbili zikaniishia kabisa, bloku zilikuwa ndogo. Fundi mmoja mzee akaja akashika chupa yangu ya TBS akaigeuza nyuma, pale kwenye lebo kwa maandishi madogo ya kalamu mtu alikuwa ameandika "azaidi 0.05%". Sodiamu azaidi tunaiweka kwenye bafa isiote ukungu, lakini inaua HRP. Alinionyesha palepale: tone la HRP kwenye DAB, kahawia mara moja. Tone lingine lililochanganywa na bafa yangu, likabaki maji.

Hicho kipimo cha tone fanyeni kila mnapopata mpako mweupe wote, kinachukua dakika moja. Tone likiwa kahawia, HRP na DAB ni wazima, kosa liko nyuma. Likibaki maji, usihangaike na antibodi.

Hatua ya 10: DAB

Vaa glavu mbili. DAB inashukiwa kusababisha saratani, usiimwage kwenye sinki, na usiichanganye na jiki ukidhani umeiua, kinachotoka humo bado kina sumu. Kusanya kwenye chupa ya taka yenye lebo.

Anza na slaidi ya kontroli chini ya hadubini, weka DAB, washa taima. Kahawia itaanza kutokea kwenye mafundo, alafu kwenye nyuzi. Pale nyuzi zinapokuwa wazi na nyuma bado kweupe, simamisha kwa maji, soma muda. Mara nyingi ni dakika 3 hadi 7. Muda huohuo sasa ndo wa slaidi zote zilizobaki, sekunde kwa sekunde. Usiiongezee slaidi moja dakika kwa sababu "imefifia", ukifanya hivo huwezi tena kulinganisha kesi na kesi.

Hatua ya 11: Bluu na kufunga

Hematoksilini sekunde 30 hadi dakika 1, iwe nyepesi. Bluu nzito inafunika nyuzi za tau ambazo ni nyembamba kuliko unywele. Maji ya bomba, ethanoli kupanda, zailini, gundi, kioo, bila viputo.

Hatua ya 12: Kusoma, hapa nendeni polepole

Anza na slaidi isiyo na AT8. Kitu chochote cha kahawia humo sio tau, na kwenye ubongo wa mzee vipo vingi. Lipofusini inakaa ndani ya nyuroni kama rundo la chembechembe za njano-kahawia upande mmoja wa seli. Kwenye substansha naigra na lokasi seruliasi kuna nyuromelanini, kahawia yake ya asili inafanana mno na DAB, mimi sehemu hizo natumia rangi nyekundu badala ya DAB. Chembe nyeusi zilizotapakaa juu ya tishu bila kufuata seli ni uchafu wa fomalini iliyochacha asidi. Na yale mabonge ya mviringo ya bluu chini ya utando wa ubongo, hayo ni korpora amilasia, yaache.

Sasa weka kontroli, lenzi ya 20, nenda CA1, sehemu mojawapo ya hipokampasi. Utaona nyuroni zenye umbo la pembetatu, na ndani yake kitu cha kahawia iliyokolea chenye umbo la mwali wa mshumaa, kimebana kiini hadi pembeni na kimepanda juu kwenye shina la seli. Kuzunguka hapo kuna vinyuzi vifupi vilivyojikunja kama nywele zilizonyolewa zikaachwa sakafuni. Vingine vimekusanyika duara kuzunguka plaki (mabonge ya protini ya amiloidi beta). Kati yake kuwe kweupe na bluu hafifu. Ukiona hivyo mpako umefaulu.

Alafu ndo hatua za Braak, yaani ngazi sita za kuonyesha tau imeenea hadi wapi. Tau ikiwa kwenye transentorinali tu ni I, ikifika entorinali yenyewe na hipokampasi ni II, kotikali ya chini ya temporali kwenye fusifomu ni III, temporali ya katikati ni IV, oksipitali ya kuzunguka eneo la kuona ni V, na ikiingia ndani ya eneo la kuona lenyewe, lile lenye mstari mweupe unaoonekana hata kwa macho, ni VI. Kwenye mfumo wa ABC wa kupima mabadiliko ya Alzheimer kwenye ubongo, uliotolewa 2012 na ambao B ni ya tau, I na II ni B1, III na IV ni B2, V na VI ni B3.

Na tafadhali, tau nyingi peke yake sio Alzheimer. AT8 inapaka pia tau ya ugonjwa wa Pick, ya PSP (ugonjwa wa kuyumba na macho kushindwa kusogea), ya CTE (ya waliogongwa kichwa mara nyingi), na ile ya uzee ambayo haina amiloidi. Angalia na seli zilizobeba: ukikuta astrosaiti zenye vishungi, au tau imejazana kuzunguka mishipa kwenye kina cha mikunjo ya ubongo, mwite mtaalamu wa patholojia kabla hujaandika neno. Kwa Alzheimer lazima upake na amiloidi beta, na hiyo inataka asidi fomiki kali dakika 3 hadi 5 badala ya kuchemsha tu, vinginevyo utapata nyeupe nyingine ya uongo.

Wanaosoma wawe wawili, kila mmoja peke yake, namba tu ndo zionekane, umri na dalili zifichwe. Mkitofautiana mkae pamoja kwenye hadubini ya vichwa viwili. Kwenye daftari andika namba ya lot ya AT8, kipimo, dakika za kuchemsha, sekunde za DAB, na matokeo ya kontroli zote mbili. Kontroli ikifeli, mpako wote unatupwa hata kama slaidi za kesi zinaonekana nzuri, na kwenye safu ya matokeo unaandika "haikupakwa", usiandike sifuri.